Mlinzi wa Nyumba ya Nyakuron

Nyakuron, Juba
Jumapili, alasiri

Keji mwanangu,

Uliponiambia kwamba unaondoka kwenda kwa bibi yako, neno la kwanza lililonitoka kinywani lilikuwa, "Na nyumba?" Sikuuliza unakwenda lini. Sikuuliza kama unaogopa. Ulinitazama kidogo, ukakusanya sahani, ukaenda kuosha vyombo, na sauti ya vyombo ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Tangu siku ile nimetafuta namna ya kulirudisha neno hilo nikakosa, maana lilikuwa la kweli. Ndilo lililokuwa moyoni.

Mambo ya safari tumeyamaliza. Basi la kesho unalijua, pasi iko kwenye mkoba wa ndani, na habari za msafara wa askari hadi mpakani Nimule umezisikia mpaka umezichoka. Sitayarudia. Umekwenda Amarat kuwaaga wenzako wa hotelini, nami nimeketi barandani na kalamu yako, nikijaribu kuandika jambo nililokuficha miaka miwili na nusu. Ningekuambia kwa mdomo. Lakini nikikuangalia usoni, najijua, nitaanza kuzungumza habari za bati linalovuja.

Nianze na nyumba, kwa sababu bila nyumba hutaelewa kosa langu.

Babu yako aliijenga kati ya vita vya kwanza na vya pili, alipokuwa mtunza stoo wa serikali. Matofali aliyachoma mwenyewe kando ya mto, akayaunga kwa udongo, na mbao za msaji akazichagua moja moja. Milango sita, madirisha kumi na moja. Tulipokimbia nilikuwa kijana wa umri wako. Kitale tukaishi chumba kimoja cha mabati, babu yako akiuza mkaa, na kila jioni alitutembeza ndani ya nyumba hii kwa maneno: hapa korido, hapa chumba cha wageni, hapa kabati la ukutani. Alipokuwa anakata roho nilimshika mkono nikingoja wosia. Akaniuliza, "Milango ipo?" Nikamjibu ipo. Sikuwa na habari yoyote ya milango. Tulimzika kwenye makaburi ya mji, safu ya nyuma, mahali ambapo leo sina hakika ningepaona.

Kwa hiyo amani ilipopatikana nilirudi Juba mbio. Mama yako aliniambia, "Nenda uone kwanza, usifungue mdomo." Nilifika, nikaikuta milango. Keji, nililia pale getini kama mtoto aliyenyang'anywa uji. Milango yote sita ilikuwepo, imepakwa rangi ya kijani ya jeshi, na ndani alikuwamo mke wa askari mmoja na watoto wake, amekaa humo miaka mingi kuliko tuliyokaa sisi. Mumewe alikuwa amekufa vitani. Alikuwa akikausha samaki sebuleni, dari yote nyeusi tititi.

Kesi ilichukua mwaka mzima. Nilikuwa na karatasi za babu yako. Yeye hakuwa na kitu. Siku ya kuhama alitoa magodoro na masufuria bila kelele, kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Palikuwa na kaburi dogo, limezungushiwa mawe meupe. Akasema kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, ili nielewe: "Huyu hawezi kutembea. Huyu ninakuachia." Nikatikisa kichwa kwamba nimekubali. Nilikuwa na haraka aondoke.

Sasa, raha ya kuifufua nyumba kuukuu sijui nikuelezeje, na ukiwa na bahati haitakushika kamwe. Unakwangua kijani unakuta bluu, unakwangua bluu unakuta rangi ya maziwa, na unajua hii aliipaka baba yangu. Nilipanda darini nikakuta kwenye boriti vipimo vyake vya penseli, tarakimu zake zilezile zenye mikia. Nilikaa huko juu mpaka mama yako akaja kuniita chakula kimepoa. Mchana nilikuwa mwalimu wa hesabu. Lakini mikono yangu siku zote ilinuka mafuta ya mbao. Wenzangu wote waliokuwa wakirudi walijenga nyumba mpya zenye vioo vya bluu. Mimi niliwacheka. Nyumba yangu, niliwaambia, imeizidi nchi yenyewe umri.

Fundi wangu alikuwa Okello, Mwacholi kutoka Gulu, unamjua na kofia yake. Tulikosana mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya plasta. Uhuru ulikuwa unakaribia, kila mtu Juba anapiga simiti nyumba yake ing'ae, nami nikataka kuta zangu zing'ae. Okello akagoma. "Mzee, hii ukuta iko na udongo ndani. Ukifunga yeye na simiti, maji itabaki ndani, itakula yeye polepole. Weka chokaa." Nikamwambia afanye kazi yake. Akafanya. Siku ya uhuru nyumba ilimeremeta, tukapiga picha mbele yake, ile ambayo mama yako amefumba macho. Mvua ya pili simiti ikaanza kuvimba na kubanduka, na nyuma yake tofali lilikuwa uji. Ule ukuta wa chumba chako uliokuwa ukiuliza kila mara kwa nini una jasho, ndio huo. Nilikuambia ni bomba.

Mara ya pili tulikosana juu ya kaburi. Nilitaka sakafu ya kufulia nguo nyuma ya jiko. Kusema kweli nilitaka zaidi ya hapo. Hapa kwetu unajua kaburi ni nini. Karatasi inaweza kughushiwa, jirani anaweza kununuliwa, lakini mtu akionyesha kaburi la mtoto wake ndani ya uzio, hakimu anashusha kalamu. Nilihofu yule mama atarudi siku moja na mwanasheria. Okello akaiona ile sehemu, akaweka chini mwiko. "Mzee, hapa chini iko mtu. Mimi hapana." Basi Jumapili moja, mama yako akiwa kanisani, niliondoa mawe meupe, nikasawazisha, nikachanganya simiti mwenyewe, nikamwaga.

Aliporudi alisimama mlangoni na Biblia mkononi. Hakupiga kelele, unamjua. Alisema, "Baba Keji, umemfunika mtoto wa mwenzio." Hakukanyaga sakafu ile hata siku moja. Nguo alizifulia mbele, kwenye beseni, na alipokuja mgeni akauliza, alisema upande wa nyuma una jua kali.

Ndipo usiku ule akanidai ahadi. Alisema, "Watu wa nyumba hii mnayafanyisha makaburi kazi. Mimi nikifa usiniache hapa. Nirudishe kwa mama, Bungoma." Nilimdhihaki, nikamwambia ana miaka thelathini na minane na meno yote. Akaning'ang'ania mpaka nikasema, "Nakuahidi, Nekesa." Nilimwita kwa jina lake ili ajue sitanii.

Halafu Desemba ile ikaja. Wewe ulikuwa Bungoma likizo, namshukuru Mungu. Risasi zilianza usiku, tukalala kwenye korido siku tatu, kwa sababu korido haina dirisha. Moja iligonga ukuta wa nje, haikupenya. Nami, kwa upumbavu wangu, nikamgeukia mama yako katikati ya ule mtikisiko nikamwambia, "Unaona kuta za baba?" Alinitazama tu. Mtazamo ule ninao mpaka leo. Nilikuwa nimelala chini karibu na mke wangu, watu wanakufa mitaa miwili kutoka hapo, na nilikuwa najivunia matofali.

Siku chache baadaye ndege ilikuja kuwachukua Wakenya. Jina lake lilikuwemo kwenye orodha. Nilimwambia aende, mimi nibaki. Unajua mwenyewe: nyumba ikikaa wiki mbili bila moshi, wiki ya tatu inakuwa na mwenyewe mwingine mwenye bunduki. Nilimwambia aende, lakini nilisema kwa uso wa mtu anayeachwa, na nilijua ninavyofanya. Akafungua begi, akalifunga, akalifungua tena. "Nikikuacha peke yako na hii nyumba itakumaliza," akasema. Akabaki. Nami nilifurahi, Keji. Nilifurahi kabisa.

Mwezi wa tatu akashikwa na malaria. Hospitali zilikuwa zimejaa, madaktari wengi wamekwenda, dawa tuliyopata haikuwa ya kutosha. Ikapanda kichwani. Siku nne tu. Mwishoni alikuwa akizungumza Kibukusu na watu nisiowaona, na neno nililolielewa ni mayi, mama. Kama angepanda ile ndege angekuwa hai. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, wala wewe. Ninajiambia mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokudanganya.

Ulinipigia simu kutoka shuleni huko Bungoma ulikobaki, kwenye simu ya mwalimu wa zamu. Ulikuwa unalia lakini ulikuwa na akili. Uliniuliza mama ataletwa lini. Nikasema barabara imefungwa. Ukauliza, "Baba, hata wakisindikizwa na askari?" Nikasema hata hivyo. Bibi yako naye akapiga, nikamwambia yaleyale, nikaongeza kwamba ndege hazibebi maiti.

Barabara haikuwa imefungwa. Malori ya vitunguu yalikuwa yakiingia kutoka Uganda kila siku, na yalirudi matupu. Okello alikuja mwenyewe asubuhi ile, kofia mkononi, akaniambia: "Mzee, ndugu yangu anarudi leo na gari. Iko nafasi. Sisi tutapeleka mama mpaka Bungoma, hakuna shida." Nilimjibu nitafikiri.

Nikafikiri. Alikuja Haboba Rejina, yule bibi kizee wa jirani aliyewahi kuwa mkimbizi Uganda na ukoo wake mzima, akaketi pale ulipo mkeka, akanishika goti. "Malesh, pole mwanangu," akasema. "Lakini sikia mimi. Zika yeye hapa ndani ya hosh, hapa uani. Hii vita bado. Nyumba iko na kaburi ya mwenyewe, hakuna askari atasema ni yake. Khalas, imekwisha." Hakuwa na ubaya. Alinionea huruma na hayo ndiyo anayoyajua. Mumewe na wanawe wawili wako ndani ya uzio wake, na ndiyo maana bado ana uzio.

Wala hakuna aliyenilaumu. Mke huzikwa kwa mumewe. Wajomba zako wenyewe wangesema hivyo. Nilijificha ndani ya mila, mwanangu, na mila ilinifunika vizuri. Lakini mimi najua kwamba sikumzika mke wangu hapa kwa sababu ya mila. Nilikwenda na futi ya babu yako. Nilipima kutoka getini na kutoka ukuta wa jirani nikachagua mahali ambapo mtu yeyote akifungua geti, kitu cha kwanza kuona ni kaburi. Niliweka msalaba wa saruji wenye jina la ukoo wetu kwa herufi kubwa, na jina lake kwa ndogo. Ulipokuja baada ya mtihani ulisimama mbele yake ukasema, "Umemweka pazuri, Baba, anaona watu wakipita." Niliingia ndani nikajifanya natafuta funguo.

Na kazi aliifanya. Mwezi wa saba huu, mapigano yaliporudi na tukawa tena kwenye korido ile, mimi na wewe, walikuja vijana watatu wenye sare nusu na bunduki nzima. Hukuwaona, nilikuwa nimekuficha chini ya kitanda. Walifungua geti, wakaliona kaburi, wakasimama. Mmoja akauliza, "Nani?" Nikasema, "Mke wangu." Akagusa kofia, wakaondoka wakaenda nyumba ya pili. Nilipaswa kushukuru. Amekufa na bado nimemsimamisha getini alinde milango ya baba yangu.

Halafu wiki mbili baadaye wewe unasema unaondoka, nami nasema, "Na nyumba?" Nilikuwa nimeshaanza kukupangia zamu, Keji. Kama ungebaki, kama ungeolewa hapa, kama ungezaa humu. Nilimzuia mama yako kwa uso wa kuachwa. Kwako nilikuwa nimeandaa uso uleule. Ninaujua vizuri, nimeurithi. Babu yako aliutumia kila jioni kule Kitale.

Zile kelele za nyundo za Jumamosi iliyopita, uliponiuliza nikasema nachimbua bomba, sikuwa nachimbua bomba. Nilivunja sakafu ya kufulia. Ilinichukua kutwa, maana hiyo ndiyo simiti pekee katika nyumba hii iliyoshika vizuri. Mawe meupe nilikuwa nimeyatupa nyuma ya tangi. Nimeyapata tisa, mengine nimeokota mapya. Huenda sijapata mahali penyewe hasa. Nilikadiria kutoka pembe ya jiko. Leo ukirudi kabla giza halijaingia, nitakuomba upite nyuma uone. Yule mama sijui alikokwenda na nimeuliza. Jina la mtoto sikuwahi kumuuliza.

Juma hili nimekwenda ofisi ya payam, serikali yetu ya mtaa, na kwa mchungaji. Karatasi ya kumhamisha mama yako ninayo, ina mihuri miwili, imo ndani ya bahasha hii ili uione kwa macho yako, kwa sababu neno langu tu halikutoshi tena na una haki. Mvua zikikatika, Okello na ndugu yake watafukua. Nilipomwambia, alisema, "Mzee, umechelewa. Lakini gari iko." Nitakaa nyuma pamoja na mama yako njia nzima.

Itakuwa wiki tatu, labda nne, kwenda na kurudi. Nyumba itakuwa bila moshi na bila kaburi la kwetu getini. Nimekaa hapa alasiri yote nikitazama milango, na sitakudanganya kwamba hainiumi. Inaniuma sana. Juzi nilipaka mafuta mlango wa sebule, sijui namtengenezea nani. Nikirudi nitakuta mtu humu, pengine mama mwenye watoto na samaki wa kukausha. Sitafungua kesi. Karatasi za babu yako nimempa Haboba Rejina azihifadhi, si wewe. Usizichukue hata akikupa. Ukija kuzeeka nchi ikitulia na ukapita Nyakuron, simama nje, tazama boriti za baranda, kisha endelea na safari yako.

Sina ushauri mwingi. Utapenda vitu, na ni vizuri. Mimi bado nadhani mtu asiyeweza kupenda mlango uliotengenezwa vizuri ana kasoro. Lakini siku utakapomwambia mtu unayempenda "nenda" huku uso wako ukisema "baki", toka nje uzunguke nyumba mara moja, kisha urudi umwambie tena. Mimi sikutoka nje.

Kesho asubuhi sitakuambia haya. Nitabeba begi lako mpaka kituoni na pengine nitazungumza habari za bati. Barua utaisoma mkishavuka Nimule, na huenda utashuka pale na kunichukia. Nichukie, lakini usirudi kuja kuniambia.

Ukifika, msalimie bibi yako, kisha mwambie ukweli wa barabara ile. Mwambie yote, hata ya futi. Akimaliza kulia, mwambie achague mahali: kando ya mahindi, au karibu na kisima, popote anapotaka mwanawe awe. Asijenge kitu juu yake. Mwambie achague mapema, maana tuko nyuma yako.

Baba yako